Pini, sindano na sukari: fundi cherehani wa Tanga

Fundi wa kanzu huanza kukosa usingizi tangu mwezi wa Shaabani. Hapa Ngamiani, kuanzia katikati ya mwezi huo mpaka usiku wa mwandamo wa Idd, kila mtu anataka kanzu yake, na kila mmoja anaamini yake ndiyo iliyotangulia kwenye foleni. Unakaa kitini toka asubuhi, mguu juu ya pedeli. Mteja huyu anakuletea chai, yule naye anakuletea, na chai ya huku isiyokolea sukari haihesabiwi kuwa chai. Nimeishi hivyo tangu ujana wangu. Mtu akiniuliza kisukari nimekipata wapi namwonyesha hicho kiti, ingawa najua marehemu baba alikuwa nacho na dada yangu mkubwa anacho. Ukoo ulichangia, kiti kikamalizia.

Kiu na kuamka usiku kwenda chooni nilivisingizia joto. Kilichonipeleka hospitali ni uzi. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Asubuhi naona vizuri, mchana naona ukungu, kesho yake kinyume chake. Nikapimwa kabla sijatia kitu kinywani, ikasoma milimoli 13.8 kwa lita. Mpaka wao ni 7.0, ukifika hapo au ukapita hujala kitu, na kipimo kikirudiwa kikasema hivyo hivyo, unacho. Kwangu hapakuwa na ubishi.

Daktari aliniambia neno moja ambalo limewaokolea pesa watu wengi niliowapasha baadaye: usikimbilie kununua miwani. Sukari ikiwa juu, lenzi ya jicho hunywa maji, ikavimba na kubadilika umbo. Ukianza dawa sukari ikashuka, lenzi nayo inabadilika tena. Miwani uliyopimiwa wiki hii, baada ya wiki kadhaa haikufai. Basi nikamwachia kijana wangu wa kazi kutunga uzi, nikasubiri. Sukari ilipotulia nikapimwa macho, nikapewa miwani ya kusomea tu, ya kawaida ya mtu wa umri wangu.

Vidole ni mtaji wa fundi, kwa hiyo suala la kujitoboa lilinihangaisha kuliko vidonge. Nesi akanifundisha kutoboa ubavuni mwa ncha ya kidole. Katikati kunauma zaidi, na kwangu mimi hapo ndipo ninapoisukumia sindano ya mkono nikidarizi shingo ya kanzu. Leo kidole hiki, kesho kile. Kabla ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke. Watu hudhani ni usafi tu, kumbe ni hesabu. Msimu wa machungwa ya Muheza jirani yangu alikuja kupima kwangu, ametoka kumenya machungwa barazani. Ikasoma 17 na ushei. Akakaa chini, ameshaanza kutoa wasia. Nikampeleka bombani akanawa, tukarudia: 8. Ile ya kwanza ilikuwa sukari ya chungwa iliyobaki kidoleni. Mashine nilimwazima, sindano ya kutobolea haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Alikuja na yake mpya.

Mashine unanunua mara moja, vipande vya kupimia unanunua maisha yako yote. Ndiyo maana sipimi ovyo, nikaona nambari, nikaguna, nikaendelea. Napima nikiwa na swali, na swali langu mara nyingi lina vipimo viwili: kabla ya chakula, na saa mbili tangu tonge la kwanza. Ninachokitazama ni tofauti ya hizo nambari mbili. Kwa njia hiyo niligundua mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Mtaani wanasema kula dona, dona haina sukari. Nilipopima, sahani ya dona ya ukubwa ule ule ilinipandisha karibu sawa na sembe. Dona ina makapi yake na faida yake, lakini wanga ni wanga. Kilichonisaidia ni kupunguza ugali wenyewe, halafu kuanza na mchicha na samaki, ugali ukafuata. Ndizi mbichi za kupika nazivumilia, mbivu mbili kwa mpigo sizivumilii. Na kilichokuwa kinaniharibia siku nzima ni zile chai za wateja, ambazo wala sikuwa nazihesabu kama chakula.

Jambo jingine lilinichekesha. Siku nilizokwenda kusali Isha msikitini kwa miguu baada ya chakula cha usiku, nambari ilikuwa chini kuliko siku nilizosali nyumbani. Msuli unaotembea unakula sukari, ndiyo sababu. Nilipomsimulia imamu wa mtaa alicheka, akasema hiyo ni thawabu ya papo kwa papo.

Chupa za mitishamba nimeletewa nyingi: mlonge, mdalasini, karela, na nyingine ambazo hata mleta hakujua jina. Sibezi miti. Metformini ninayoimeza kila siku, chanzo chake ni utafiti wa mmea mmoja wa Ulaya. Lakini kidonge changu kimeandikwa miligramu zake. Aliyeniletea chupa hakuweza kuniambia ndani mna nini wala kiasi gani, na hapo hapo alinitaka niache dawa za hospitali. Tena baadhi ya hiyo miti inashusha sukari kwelikweli. Ukichanganya na dawa yako bila daktari kujua, unaweza kushuka ukapitiliza.

Sasa nije kwenye miguu. Sakafu ya fundi haikosi pini.

Kliniki, nesi alinivua viatu akanishika wayo, akanionyesha uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti. Akasema, "Mzee, fumba macho, nikikugusa sema ndiyo." Uzi ule umetengenezwa ujipinde ukibanwa kwa uzito wa gramu kumi. Mguu wa kushoto nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wa kulia nikanyamaza, nikidhani bado hajaanza. Nilipofumbua macho nikaona uzi umejipinda chini ya kidole gumba changu. Mimi niliyeshika uzi tangu utotoni nilikuwa nimeguswa na uzi na sikujua. Tena huo ndio mguu wangu wa pedeli. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu neva, na huanzia mbali na moyo, vidoleni.

Tangu siku hiyo kila usiku kabla ya kulala naangalia nyayo. Kioo kidogo naweka sakafuni, mke wangu anamulika kwa simu, na kati ya vidole tunapachanua. Usiku mmoja, wiki ya harusi nyingi, akanyamaza ghafla. Akasema, "Baba watoto, usikanyage." Kwenye kioo nikaona kidoa kinachowaka, kama kifungo cha shati kilichopotea. Kilikuwa kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote chini ya kidole gumba, na kuizunguka ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu, bila usaha. Nilikuwa nimekanyaga pedeli kutwa nzima juu yake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, mimi sikusikia hata mchomo wa sisimizi, na hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi tulikuwa kliniki. Nikasafishwa, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikapewa dawa, nikaambiwa mguu upumzike. Kwa fundi wa cherehani ya kukanyaga, mguu kupumzika maana yake duka kupumzika. Kijana wangu akashika pedeli, mimi nikakata vitambaa na kudarizi nimekaa. Kidonda kilifunga, na daktari akasema kilifunga kwa sababu kilionekana siku hiyo hiyo. Wengi huonekana pale harufu inapoanza.

Dukani mambo yalibadilika. Nilifumua spika mbovu ya redio, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kwenye kamba. Kila jioni kabla ya kufagia, kijana anaiburuza sakafuni inakusanya pini na sindano zilizovunjika. Pini zisizo na vichwa vya rangi sinunui tena. Ndala nimeacha, nafanya kazi na viatu vya kufunika, vya upana wa kutosha, na sivivai kabla sijavikung'uta na kupitisha mkono ndani. Maji ya moto napima kwa kiwiko, maana wayo unaweza kunidanganya. Sugu sikwangui kwa wembe, ingawa wembe umejaa dukani.

Miaka ilivyokwenda vidonge peke yake vilishindwa, nikaongezewa insulini ya kuchoma asubuhi na jioni. Mtaani hapo ndipo watu huanza kukuaga. "Ukianza sindano umekwisha." Ninavyoelewa mimi, kongosho huchoka kadiri miaka inavyopita, na kinachokosekana unakitia kutoka nje. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari kama chake alikuwa wa kusubiriwa tu. Dawa iliyowatoa watoto kaburini siwezi kuiita mkosi.

Ina adabu zake lakini. Ya kwangu ni ya maziwamaziwa. Kabla ya kuivuta unaiviringisha viganjani taratibu mpaka ichanganyike, hutikisi. Sehemu ya kuchoma unabadilisha, ukichoma pale pale kila siku ngozi inafanya uvimbe na dawa haiingii sawasawa. Kwa tumbo naacha upana wa vidole viwili kutoka kitovuni, kisha nazunguka, na kwa mtu aliyezoea tepu hilo si kazi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa friji, mbali na barafu, maana ikiganda imekufa. Inayotumika inakaa nje kivulini kama wiki nne hivi. Lakini kivuli cha Tanga mwezi wa Februari nacho ni joto, na umeme una siku zake. Kwa hiyo nina chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, na ndani yake chungu kidogo chenye kifuniko. Mchanga unanyweshewa asubuhi na jioni, na chupa inakaa humo ndani ya kikopo isilowe.

Sindano zilizotumika zinaingia kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, sambamba na kopo la sindano za cherehani zilizovunjika. Likijaa nalirudisha hospitali zikachomwe. Huku kwetu kuna vijana wanaookota chupa na plastiki jalalani kwa mikono mitupu, na sindano yangu haina haki ya kuwakuta huko.

Ukiwa na insulini, hatari ya haraka inahamia upande wa pili: kushuka. Kwangu huanza na jasho la shingoni lisilo na sababu, halafu chaki inatetemeka juu ya kitambaa, halafu nakuwa mkali. Wateja wangu wa zamani wanajua nikianza kugomba bila kosa, waulize sukari. Kwenye droo ya vifungo kuna kikopo cha sukari na kijiko. Ikiwa chini ya 3.9, vijiko vitatu vya chai ndani ya maji, nasubiri dakika kumi na tano, napima tena. Bado ipo chini, narudia. Ikipanda nakula kitu cha kukaa tumboni. Kijana wangu nimemfundisha yote hayo, pamoja na hili: akinikuta sijitambui asinimiminie kitu mdomoni, nitapaliwa. Anilaze ubavu, aite bajaji, hospitali.

Ramadhani ndiyo mtihani wenyewe. Mwaka nilioanza sindano daktari aliniambia wazi, "Mzee wangu, mwaka huu usifunge." Niliumia. Nilikwenda kwa shehe nikitarajia aniambie vingine, akanisomea aya ya Suratul Baqara, ya mgonjwa na msafiri kuhesabu siku nyingine, na asiyeweza kufunga alishe maskini, akaongeza kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Mke wangu akasema maneno mafupi zaidi: "Aliyekupa maradhi ndiye aliyekupa ruhusa, wewe unamkatalia nini?" Njaa ningeiweza. Kilichonishinda ni macho ya watu. Mwezi mzima nilikula mchana nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na kila nikisikia mtu anabisha hodi natafuna harakaharaka.

Mwaka uliofuata sukari ilikuwa imetulia, figo zimepimwa ziko salama, tukakubaliana nijaribu. Wapo ambao daktari hatawakubalia, na ana haki: wenye aina ya kwanza ya kisukari mara nyingi, wajawazito wanaochoma insulini, wenye figo mbovu, walioshuka wakazimia hivi karibuni. Mimi naingia kliniki tangu Rajabu, maana ukisubiri mwandamo umeshachelewa. Dozi ya asubuhi ilihamia magharibi, ya jioni ikapunguzwa ikahamia daku. Viwango sivitaji, ni vyangu. Mtu akiviiga atakuja kunilaumu au asiwahi kunilaumu.

Sharti likawa moja lisilo na mjadala: ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, nafungua papo hapo, hata kama muadhini ameshakohoa. Kujitoboa kidole hakufunguzi, na kwa wanazuoni wengi hata sindano ya insulini haifunguzi, kwa kuwa si chakula. Kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutopima mchana.

Siku yenyewe ilifika, baada ya Alasiri, kumi la mwisho, duka limejaa. Nilikuwa nakata kanzu ya bwana harusi. Kijana akanitazama shingoni, akasema, "Fundi, weka mkasi chini." Nikagoma. Akauchukua. Mashine ikasoma 3.4. Mteja mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema, "Si kimebaki kidogo tu mzee, vumilia." Kijana hakumjibu, alikuwa ameshakoroga. Nikanywa mbele ya watu wote, mara hii bila pazia. Yule mteja akainamisha macho, kisha akauliza kama mama yake naye, anayetokwa jasho hivyo hivyo kila alasiri na anatumia vidonge, apelekwe wapi. Nikamwelekeza kliniki yangu, nikamwambia asingoje Idd.

Huku kwetu saa za kufunga hazibadiliki sana, ni kama kumi na tatu mwaka wowote. Kwa hiyo taabu yangu kubwa ni magharibi. Ukumbi wa futari wa Tanga unajulikana: tambi za sukari, kalimati zinazoelea kwenye shira, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, uji wa pilipili manga, na kila mwalikaji anahisi umemdharau usipoonja. Mimi nafungua kwa tende moja na maji, nasali, ndipo narudi. Uji wangu mke wangu anautoa sufuriani kabla hajatia sukari. Naanza na kunde au samaki, kisha kipande cha muhogo, kimoja, na kalimati nazionja usiku wa ishirini na saba. Daku nakula karibu na alfajiri. Wanaokula saa sita usiku wakalala wanajiongezea mfungo bila kuandikiwa.

Na kuna mtego wa Idd. Watu wanarudi kula mchana siku hiyo, ila dozi zinabaki za Ramadhani. Daftarini mwangu tarehe ya kuzirudisha imeandikwa na daktari tangu Shaabani, kwa kalamu nyekundu.

Siku nilizofungua nilikuja kuzilipa Mfungo Nne, harusi zikishapungua. Daktari alikubali Jumatatu na Alhamisi tu, zisifuatane, na kwa sharti lile lile la nambari. Zilizobaki ameniambia nisizianze mpaka kitoke kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kile kinachotakiwa kiwe chini ya asilimia 7 au karibu na hapo. Damu nimetoa Jumanne, majibu nafuata wiki ijayo.